Ukuta Unaomtazama Mgeni: Kutoka Zidaka za Lamu hadi Televisheni ya Sebuleni

Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua magofu ya Gedi, mji wa kale uliomezwa na msitu kusini ya Malindi. Alikuta nyumba za mawe zilizobanana kando ya vichochoro, lakini hapakuwa na mtu aliyejua tena ni nani waliozijenga. Basi akazipa majina ya vitu alivyovifukua ndani yake: Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Hadi leo mgeni anayetembezwa Gedi huonyeshwa nyumba hizo kwa majina hayohayo. Wenyewe wamesahaulika, vyombo vyao ndivyo vinavyowatambulisha.

Watu wa Gedi pengine wasingeshangaa. Pwani ya Afrika Mashariki ina desturi ya karne nyingi ya kuweka ukutani vitu vinavyomsemea mwenye nyumba kabla hajafungua kinywa. Ukuta ule ambao mgeni huutazama akishaketi umepitia mikono mingi: ya fundi wa chokaa, ya seremala wa kabati, na sasa ya fundi wa jipsamu anayeficha nyaya za televisheni. Katika mikono yote hiyo kazi yake imebaki ileile, na hata njia ya kupata vifaa haikubadilika sana. Fundi alichukua kilichokuwepo: jiwe la bahari, mti wa mkoko, sahani iliyoshushwa na jahazi, debe lililokwisha mafuta, ubao wa kreti.

Hili linastahili kusimuliwa kwa makini, maana siku hizi kutumia tena vifaa vya zamani hudhaniwa kuwa ni mtindo mpya kutoka nje, au huonwa kuwa aibu ya asiye na uwezo. Historia ya kuta za pwani inasema vingine.

Nyumba iliyopimwa kwa boriti

Nyumba kongwe zinazosimama Lamu leo nyingi ni za karne ya 18 na ya 19. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Jiwe la kawaida la ukuta lilikatwa nchi kavu, kutoka kwenye miamba ya matumbawe ya kale. Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo, kimekuwa machimbo ya Lamu kwa muda mrefu. Palipohitajika nakshi, mafundi walitumia tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa bado na maji, hukatika kwa urahisi na kupokea ncha ya patasi, likikauka, hukaza.

Chokaa nayo ilitoka katika jiwe hilohilo. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya tanuu la magogo lililojengwa kwa duara mahali pa wazi, likatiwa moto na kuachwa liungue mpaka mawe yageuke meupe na mepesi. Yakamwagiwa maji au kuachiwa mvua, yakavunjika kuwa unga. Unga huo ukachanganywa na mchanga ukawa udongo wa kujengea, na ule laini zaidi ukapakwa mwisho na kusuguliwa mpaka ukuta ukang'aa.

Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Hapa ndipo mti ulipotoa amri kwa msanifu: boriti imara haina urefu mkubwa, kwa hiyo upana wa chumba ulikuwa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Urefu wa chumba ungeweza kwenda mbali, upana haukuweza. Matokeo yake ni vyumba virefu vyembamba, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa anga. Kwanza msana wa tini, kisha msana wa yuu, halafu ndani. Kila hatua ya kuingia sakafu hupanda kidogo, na kila hatua mwanga hupungua.

Miti hiyo haikujenga Lamu peke yake. Wafanyabiashara waliigawa kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliipeleka Arabuni na Ghuba, nchi ambazo miti ya kujengea ilikuwa adimu, na vyumba vya nyumba za kale za Kuwait na Bahrain navyo vikawa vyembamba kwa sababu hiyohiyo. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Wakuwait msimu wa 1938 hadi 1939 na kuandika kitabu juu ya safari hiyo, alishuhudia mabaharia wakikata na kupakia miti katika delta ya Rufiji ili kuirudisha kwao. Upande wa Kenya biashara hiyo iliendelea hadi nchi hiyo ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982.

Ndani, katika chumba cha mwisho chenye giza zaidi, ndiko fundi wa Lamu alikomwaga ustadi wake wote. Ukuta wa mwisho ulifunikwa kwa zidaka: mashubaka madogo ya chokaa, safu juu ya safu, kila kidaka kikiwa na upinde wake na ukingo wa nakshi. Kwa vipimo vya leo kazi hiyo inastaajabisha. Vibao vyembamba vya matumbawe vilisimamishwa kugawa nafasi, vikapakwa chokaa, kisha fundi akachonga mistari na maua kabla chokaa haijakauka kabisa. Akichelewa, patasi huvunja. Akiwahi, mchoro huporomoka. Mstari ulionyooka katika kidaka cha miaka 200 iliyopita ulichongwa na mtu aliyejua saa hasa ya kuugusa.

Zidaka zilikuwa na kazi zaidi ya moja. Zilikifanya chumba chembamba kionekane kina kina. Weupe wake uliosuguliwa ulikamata mwanga haba uliofika kutoka kiwandani. Zilibeba vyombo vya thamani, misahafu, chupa za marashi. Mtafiti Linda Donley, aliyeishi na kuchunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1970 na 1980, alieleza pia kwamba wenyeji waliziona kuwa kinga. Ndani ndiko watoto walikozaliwa, maharusi walikolala, na wafu walikooshwa katika sehemu zilizo karibu yake. Vyombo vyeupe vinavyong'aa viliaminiwa kukinga husuda na shari katika nyakati hizo nzito.

Si haki kuzisifu zidaka bila kutaja jasho lililozijenga. Katika jamii ya waungwana wa karne ya 18 na 19, mawe yalikatwa, magogo yakabebwa na chokaa ikapondwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Utumwa uliposimamishwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, familia nyingi zilizotegemea mashamba yaliyolimwa na watumwa zilishindwa kuzitunza nyumba hizo, na baadhi zikaanza kubomoka.

Sahani zilizosafiri

Kilichokaa ndani ya zidaka kilitoka mbali. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, baada ya kuzuru Kilwa na sehemu nyingine za pwani ya Tanganyika, alisema kwamba historia iliyofukiwa ya nchi ile tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Alikuwa ameona vigae vya bluu na vya kijani vikiwa vimetapakaa ardhini kiasi cha kuokotwa kwa mkono.

Kauri hizo hazikufikia kikomo mezani. Watu wa pwani walizihamisha kutoka katika kazi ya kulia na kuziingiza katika ujenzi wenyewe. Bakuli lilibanwa katika chokaa mbichi mpaka likashika, uso wake ukitazama nje, likawa sehemu ya ukuta. Huko Kilwa Kisiwani, Msikiti Mdogo wa Makuba ulipambwa kwa mabakuli yaliyopachikwa darini. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, kaburi la mnara lilivishwa mabakuli ya enzi ya Ming. Huko Kunduchi, leo ndani ya jiji la Dar es Salaam, minara ya makaburi ya karne ya 18 ilipachikwa sahani, na nyingi zimebanduliwa na wezi. Kilichobaki ni mashimo ya duara kwenye chokaa.

Majumbani, sahani zilizokuwa kubwa kuliko kidaka zilitundikwa. Baadhi ya zilizosalia katika makumbusho na mikononi mwa familia zina matundu madogo yaliyotobolewa kwenye kikalio chake ili kupitisha uzi. Tundu hilo linaeleza mengi. Mchina aliyeifinyanga sahani alikusudia iwekwe mezani na kupakuliwa chakula. Fundi wa pwani akaigeuza kuwa pambo la ukuta. Hakuibandika wala kuijengea rafu, aliitoboa kwa uangalifu mahali ambapo jicho halifiki.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa shairi la Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi mji wa Pate ulivyoanguka kutoka katika utajiri wake, alitaja miongoni mwa ishara zake mashubaka yaliyokuwa ya sahani kugeuka viota vya ndege. Wasomaji wake hawakuhitaji maelezo. Ukuta wenye zidaka tupu ulikuwa habari tosha ya ukoo uliokwisha.

Karne ya 19 ilileta vyombo vipya. Viwanda vya Ulaya, hasa vya Maastricht huko Uholanzi, vilitengeneza mabakuli ya rangi kali kwa ajili ya soko la pwani, kwa bei ambayo watu wengi zaidi waliimudu. Ukuta wa sahani ukatoka katika miliki ya waungwana wachache na kuingia katika nyumba za kawaida.

Hali ya nyumba za wakubwa wa Zanzibar wakati huo imeelezwa na shahidi wa karibu kabisa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anaeleza vyumba vyenye kuta nene zilizokatwa kwa mashubaka marefu, ndani yake mna rafu za mbao zilizopakwa rangi, na juu ya rafu vyombo vya kioo na kauri vimepangwa kwa ustadi. Kati ya mashubaka vilitundikwa vioo vikubwa vya kujitazama, na saa, wakati mwingine zaidi ya moja katika chumba kimoja.

Hizo saa ni hatua muhimu. Kwa mara ya kwanza ukuta wa sebule ya Waswahili ulibeba chombo kinachojiendesha, chenye sauti yake.

Sauti inaingia nyumbani

Baada ya saa ilikuja gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba kisiwani Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zikauzwa katika pwani nzima. Gramafoni yenyewe ilikuwa ghali, hivyo wengi waliisikiliza migahawani na barazani kwa wenye nacho. Lakini palipokuwa nayo, ilipewa mahali pa heshima, karibu na ukuta ule uliokuwa na sahani na saa.

Kisha redio. Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zote mbili zilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Redio ya miaka ile ilikuwa sanduku la mbao, nalo halikuhitaji kidaka. Lilihitaji meza au kabati, kitambaa cha kufumwa cha kulilaza juu yake na kingine cha kulifunika vumbi, na waya wa eriali uliopitishwa dirishani.

Mitaani Dar es Salaam, mbali na nyumba za mawe, ukuta ulikuwa na historia nyingine iliyokwenda sambamba. Nyumba ya Kiswahili ya mjini ilikuwa na ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kuta zake za miti na udongo. Wakati wa ukoloni paa la makuti lilianza kuachwa, na wengi wasiomudu bati jipya waligeukia debe. Mafuta ya taa yaliingia nchini katika madebe ya bati ya galoni nne. Mafuta yakiisha, debe lilikatwa, likanyooshwa kwa nyundo, na vipande vikapigiliwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Debe ambalo halikuenda paani likawa kipimo cha mahindi, chombo cha kutekea maji, au likakatwakatwa kuwa vibatari.

Ndani ya nyumba hizo, gazeti lililokwisha kusomwa lilibandikwa ukutani kwa uji wa unga. Liliziba nyufa za udongo, likazuia vumbi, na likampa mgeni cha kusoma akisubiri chai. Kalenda ya mwaka uliopita iliachwa kwa ajili ya picha yake. Kanga iliyochakaa pembezoni lakini yenye rangi nzuri katikati ikawa pazia. Hakuna kati ya hivi kilichonunuliwa kwa ajili ya ukuta, lakini kwa pamoja viliufanya ukuta. Mpangilio wake ulikuwa kazi ya wanawake zaidi kuliko wanaume: wao ndio waliofuma vitambaa, waliochagua sahani ya kutundikwa na ya kulia, na waliojua picha gani itazamane na mlango.

Ukuta unakonda, kabati linasimama

Badiliko kubwa kuliko yote halikuletwa na kifaa chochote cha sauti wala picha. Lililetwa na saruji.

Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954. Cha Wazo Hill, kaskazini ya Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Vyote viwili vilichimba matumbawe ya kale ya pwani, jiwe lilelile ambalo wajenzi wa Gedi na Lamu walilikata na kulichoma. Sasa jiwe lilisagwa kiwandani na kurudi likiwa tofali la saruji, na tofali hilo lilijenga ukuta mwembamba.

Kidaka kinahitaji ukuta mnene. Huwezi kuchimba shubaka la maana katika ukuta wa inchi sita bila kutokea upande wa jirani. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipojenga maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, familia zilizohamia humo kutoka nyumba za mawe na za udongo zilikutana na kuta tambarare zisizo na hata kishubaka kimoja. Vyombo vikahitaji makao mapya. Kilichokuwa ndani ya ukuta kikatoka nje na kusimama kwa miguu yake: kabati la vioo, ambalo mitaani huitwa shoo-kesi.

Kabati hilo lilifika katika wakati mmoja na televisheni, na vyombo hivi viwili vikaoana. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, wakati wa Rais Aboud Jumbe, tena kwa picha za rangi, jambo lililokuwa la kwanza katika Afrika kusini ya Sahara. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni kwa miongo mingine miwili. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona ni anasa kwa nchi yenye mahitaji mengine mengi, na ni mwaka 1994 tu ndipo vituo binafsi, ITV kikiwa miongoni mwavyo, vilipoanza kurusha matangazo.

Televisheni ya kwanza mtaani haikuwa ya familia moja. Watoto walijaa mlangoni, majirani wakakalia mkeka, na mwenye nyumba aliyefunga mlango alisemwa. Katika hali hiyo seremala alijua la kufanya. Tundu kubwa la katikati ya kabati lilikuwa la televisheni, nalo lilipaswa kuwa refu kwenda nyuma kwa sababu televisheni ile ilikuwa na chogo. Juu yake palikaa glasi na birika zisizotumiwa ila siku ya wageni. Pembeni, sahani. Chini, milango miwili ya kufungwa kwa ufunguo, penye deki na kanda. Ni safu juu ya safu, kila kitu katika kishubaka chake, mbele ya mgeni, katika sehemu inayolindwa kuliko zote sebuleni. Mtu aliyewahi kuona ukuta wa zidaka Lamu hawezi kukosa kuona ukoo wa kabati hilo.

Keko mjini Dar es Salaam na Gikomba mjini Nairobi zilijipatia sifa kwa samani za namna hiyo. Mbao za masanduku ya mizigo na za kreti zilizobeba mashine ziliingia katika migongo na rafu za ndani, mahali pasipoonekana, na mninga au mvule ukaachiwa uso wa mbele. Leo mbao za mapaleti zimechukua nafasi ya kreti hizo. Seremala mzoefu hung'oa misumari kwanza, akainyoosha ile inayofaa, kisha akachambua mbao: zilizopinda kwa maji huenda kwenye miguu mifupi, zilizonyooka hupigwa randa.

Jipsamu, jahazi na plastiki

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Kenya ilifuata mwaka 2015. Ving'amuzi vikaingia nyumbani, na pamoja navyo televisheni bapa ambazo watu huziita flati. Chogo liliondoka, na shoo-kesi yenye tundu la kina ikapoteza sababu ya kuwa hivyo.

Televisheni nyingi za chogo ziliishia kwa mafundi wa vyuma chakavu, waliozifungua kutoa shaba iliyozungushwa shingoni mwa kioo. Kioo chenyewe kina madini ya risasi, sumu inayodhuru zaidi watoto, na hakifai kuvunjwa uani wala kutupwa jalalani ovyo. Makabati yake yalikuwa na bahati zaidi. Yalikatwa migongo, yakawa makabati ya nguo, ya vitabu vya shule, ya bidhaa za duka la mtaani. Mbao za mninga zilizofaa zilirudi kwa seremala na kutoka upya zikiwa sitendi fupi ya kukaa chini ya flati.

Juu ya flati, fundi wa jipsamu akaanza kazi. Anasimamisha fremu ya mbao au ya chuma mbele ya ukuta, sentimita 10 au 20 hivi, akaifunika kwa mbao za jipsamu, akapitisha nyaya katika nafasi iliyo nyuma. Ukuta mwembamba wa saruji unapewa tena unene. Na fundi akishaupata unene huo, jambo la kwanza ambalo wateja wengi humwomba ni mashubaka: mawili kushoto, mawili kulia, yenye taa ndogo ndani, ya kuwekea chupa ya maua, saa, picha ya harusi, msahafu. Baada ya nusu karne ya kabati, ukuta wa pwani umerudia kidaka. Hakuna sheria wala chuo kilichoagiza hivyo. Ni macho ya watu wa nyumba yaliyotaka.

Kuna tofauti, nayo ina uzito. Jipsamu haipendi maji, na pwani ni ya unyevu na chumvi. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu bila kuharibika. Ndiyo maana nyumba ya mawe ikipigwa lipu ya saruji juu ya chokaa huanza kuoza kwa ndani: saruji huuzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa lipu hubanduka na vipande vya ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na mafundi wa uhifadhi wa miji yote miwili wanalipigania jambo hilohilo: chokaa ikarabatiwe kwa chokaa. Anayetaka kutundika flati katika nyumba ya aina hiyo afahamu kwamba bolti za kupanuka hazishiki vizuri katika tumbawe na chokaa laini. Fremu ya mbao inayosimama sakafuni, ikiegemea tu ukuta, huubeba mzigo bila kuumega.

Mbao za fremu hiyo zipo, na baadhi yake zina historia kuliko nyumba. Lamu na Unguja, jahazi likizeeka na kuvutwa pwani halibaki bure. Mbao za msaji, mvule au mfenesi zilizokaa baharini miaka mingi hununuliwa na maseremala, wakatoa meza, vitanda, fremu za vioo na rafu. Mtu akiutazama ubao huo kwa karibu ataona rangi tatu au nne za miaka tofauti zikichungulia, matundu ya misumari yaliyozungukwa na weusi wa kutu, na pengine uzi wa pamba wa kalafati uliosalia kwenye kiungo. Seremala mzuri haviondoi vyote. Hupiga randa mpaka ubao ukae sawa, akaacha alama zilizobaki.

Tena wapo waliokwenda mbele zaidi. Fundi wa majahazi wa Lamu, Ali Skanda, na wenzake walijenga chombo kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, tani 10 kwa jumla, na ngozi yake ya nje wakaivika vipande vya ndala 30,000 hivi. Chombo hicho, Flipflopi, kilishushwa majini mwaka 2018 na mapema 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mbao za plastiki zilizoyeyushwa zilikatwa kwa msumeno na kuunganishwa kwa misumari, kwa mikono na zana zilezile za jahazi la mti, na mradi huo umeendelea kwa kutengeneza samani kwa malighafi hiyo. Kwa mji unaobanwa na uhaba wa mbao na wingi wa taka, hiyo ni habari ya maana kwa kila sebule.

Wakati huohuo, hasara inaendelea mahali pengine. Nyumba kuukuu zinabomolewa Lamu, Mombasa na katika miji midogo ya mwambao kupisha maghorofa, na mara nyingi nyundo huanza bila mtu kuangalia kilichomo. Mlango wa nakshi utanusurika, maana kila mtu anajua bei yake. Lakini boriti nzima hukatwa kuni, tumbawe lililochongwa husagwa kifusi cha msingi, na kidaka huanguka kikiwa kipande kimoja na kuzolewa kwa beleshi. Mwenye nyumba anayelipia sebule mpya yenye mashubaka ya jipsamu huenda ametupa, wiki hiyohiyo, mashubaka aliyorithi.

Kabla ya kubomoa, aite fundi wa chokaa au afisa wa makumbusho aje kutazama, naye seremala aje na utepe wa kupimia. Boriti ambayo ncha yake imeoza ndani ya ukuta hukatwa, na kiasi kilichobaki bado kinatosha dari ya chumba chembamba au nguzo za fremu ya televisheni. Kipande cha nakshi kinaweza kusimikwa katika ukuta mpya kwa chokaa. Tumbawe zima linajengea kizingiti. Mafundi wanaoijua kazi hii wako hai, Lamu na Unguja, na wengi wao wanatafuta wanafunzi.